Kwa Nini Zebaki Hushika Dhahabu, na Kwa Nini Tuiogope

Wachimbaji wadogo wa Katoro na Geita wanaijua kazi ya zebaki: ikichanganywa na mchanga uliosagwa na kuoshwa, hukamata chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Tujiulize sababu.

Atomi za metali hushikamana kwa kuchangia elektroni zao za nje. Atomi za dhahabu zimeshikana kwa nguvu, ndiyo maana huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064. Atomi ya zebaki huzibana elektroni zake, hivyo hushikana na mwenzake kwa udhaifu. Kwa hiyo zebaki ni majimaji hata bila moto, na huchemka kwenye nyuzi joto 357 tu. Hata hivyo, ikigusana na dhahabu hushikamana nayo, likawa donge laini la rangi ya fedha. Donge likichomwa, muungano huo huvunjika: dhahabu hubaki, zebaki hupaa.

Hapo ndipo penye hatari. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Tukiuvuta huingia katika damu na kudhuru ubongo, figo, hata mtoto aliye tumboni. Anayechomea donge jikoni anawavutisha watoto wake.

Ipo njia ya kupunguza madhara: kuchomea mbali na makazi, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza mvuke, ili zebaki irudi kuwa majimaji.

Papa Fransisko aliutaja uchafuzi huu wa zebaki katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Nasi tukumbuke kwamba Amri ya Tano inatudai tulinde uhai, hata pale tunapotafuta riziki.