Mlima Una Mwenyewe, Kijiji Je?

Uskoti ina jambo linalonishangaza kila nilifikiripo. Nusu ya ardhi ya mashambani iliyo mikononi mwa watu binafsi inamilikiwa na wenyewe wasiotimia 500. Sisi tupitao kando ya nyua za mashamba makubwa ya Laikipia hatuhitaji kufasiriwa maana yake.

Sisemi kuwa mabwana hao wote ni wabaya. Wako waliopanda misitu na kuwajengea wapangaji nyumba. Lakini aghalabu milima hutunzwa kwa ajili ya wawindaji. Kulungu huachwa wakazidi, wakala miche, na msitu wa asili ukashindwa kujifufua. Mwanakijiji hutazama tu.

Langholm, mji mdogo wa kusini, ulijengwa na viwanda vya sufu. Viwanda vilipodhoofika, wakazi waliinua macho wakauona mlima, nao haukuwa wao. Mwaka 2021, kwa michango ya watu na ruzuku ya umma, walinunua ekari 5,200 kwa pauni milioni 3.8, na mwaka uliofuata wakaongeza nyingine. Leo ni hifadhi yao wenyewe.

Nawapongeza. Hata hivyo, nauliza: pauni milioni 3.8 zitoke wapi kila mara? Sheria ya 2003 iliwapa wanakijiji haki ya kutangulia kununua ardhi iuzwapo, mifuko haikuijaza. Kijiji kisicho na wachangishaji hodari kitamngojea bwana mwingine, naye yamkini ataonekana msimu wa kuwinda tu.