Umri wa Ustaarabu Hupimwaje?

Watu wengi hudhani kuwa nchi isiyo na magofu haina ustaarabu wa kale. Msafiri atokaye Kitengela kwenda Kajiado huona boma la Mmasai kando ya nyumba mpya za mawe. Boma hilo, lililokandikwa kwa samadi, huharibiwa na mchwa na mvua baada ya miaka michache. Je, wenye boma hawana cha kale?

Katika Kajiado hiyo hiyo, kando ya barabara ya Magadi, pana mahali paitwapo Olorgesailie. Hapo, mwaka 1942, Bwana Louis Leakey na mkewe Mary walikuta mashoka ya mawe mengi ajabu. Wataalamu wamepima majivu ya volkano ya mahali hapo, wakaona kuwa mashoka mengine yana umri wa miaka milioni moja na zaidi. Lakini mna pengo ardhini: tabaka za miaka 180,000 hivi zimechukuliwa na mmomonyoko. Juu ya pengo hilo zana ni za namna nyingine kabisa, nazo ni za miaka 320,000 iliyopita. Mawe hayo ni ya kale mno. Lakini hakuna awezaye kusema nani alipokea kazi hiyo kwa nani.

Mmasai aweza kusema. Vijana watahiriwapo huingia katika rika lenye jina lake. Rika la Ilnyangusi lilifuatwa na Iseuri, na Iseuri likafuatwa na Ilkitoip. Walezi wa vijana ni wazee wa rika la pili juu yao. Huitwa olpiron, yaani kijiti cha kupekechea moto, kwa kuwa wao ndio huwashia rika jipya moto wake. Hata wanahistoria huhesabu miaka kwa majina ya marika hayo.

Mnyororo huo umejaribiwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na ndui ikaua watu. Kwa mapatano ya 1904 na 1911 Wamasai walihamishwa kutoka malisho yao. Hata hivyo marika yaliendelea. Mengi yalibadilika, lakini kupokezana hakukukoma.

Jaribu la sasa ni la kimya. Tangu ranchi ya kikundi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, viwanja vingi vimeuzwa na nyua zimezidi. Sherehe ya Eunoto yataka manyatta kubwa na uwanda wazi, na vijana wengi wamo shuleni. Mwaka 2018 UNESCO iliandika Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Shule si adui wa mila, kwani sherehe yaweza kungoja likizo. Lakini ardhi ikiisha kuuzwa haingoji. Basi mzee atiaye sahihi ya kuuza kiwanja na ajiulize kwanza: wajukuu watawashiwa wapi moto wao? Umri wa ustaarabu huhesabiwa kwa mikono iliyopokezana, na mkono mmoja ukikosa kupokea, hesabu hukatika hapo.