Chifu wa Kenya, shefu wa Lukafu

Mkenya akisema anakwenda kwa chifu, anamaanisha mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963; anayeitwa chifu huko leo anaheshimiwa kwa ukoo wake, lakini hana amri ya kiserikali. Ukiingia Kongo ukafika Lukafu, kule Katanga, chini ya miinuko ya Kundelungu, shefu unayemkuta hafanani na hao wawili.

Yeye hupata kiti kwa mila, kisha serikali humtambua. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2006 kinakubali mamlaka ya kimila, mradi mila isipingane na Katiba, sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Sheria ya Agosti 2015 ikaeleza hadhi ya mashefu hao. Lubumbashi mambo ni mengine: shefu wa mtaa ni mtu wa utawala, na ukoo wake hauulizwi.

Ndoa hii ya mila na dola ni ya zamani. Dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilianza kutambua mashefu kwa amri ya Oktoba 1891. Aliyetambuliwa alivishwa medali kifuani, na kwa medali hiyo akadaiwa kodi na vibarua kutoka kwa watu wake. Kuanzia 1900 Katanga ikatawaliwa na kamati maalumu, CSK, iliyogawa ardhi huku ikiwa na polisi wake. Kwa maoni yangu hapo ndipo shefu alipoanza kuvutwa pande mbili, na mpaka leo hajaachiwa.

Mvutano huo unaonekana zaidi shambani. Mgeni anayetaka kulima humwendea shefu, anasalimia, anatoa alichonacho, anaonyeshwa mpaka: mti ule, kijito kile. Wanakijiji wote wanajua shamba ni lake. Lakini sheria ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, na cheti cha usajili hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, wala si na shefu. Sheria hiyohiyo iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wanavijiji juu ya ardhi wanayoikalia. Wakaingojea kwa miongo. Wakati huo, mwenye cheti cha mjini aliweza kuja na karatasi juu ya shamba ambalo shefu alikwisha kumpa mtu mwingine.

Kwa hiyo anayenunua shamba aanze kwa shefu, kwa sababu bila yeye majirani hawatamkubali. Kisha, kabla ya kumaliza malipo, aende ofisi ya ardhi aulize jina la nani limeandikwa pale.