Walimu, Tuchore Mashua Zetu Wenyewe

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, kuna wageni ambao mwenyeji akiwapokea bila kuwauliza watokako, hawamponyi abadan, bali humtoa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mmoja wa wageni hao ni picha.

Miezi michache iliyopita, Chama cha Kiswahili cha shule moja ya upili karibu na Port Victoria, mji mdogo wa ufuoni katika Kaunti ya Busia, kilinialika kutoa mhadhara kuhusu isimu. Nyuma ya jukwaa lilitundikwa bango la upana wa mita 3 lenye jina la jarida la shule. Kando ya jina hilo alisimama mvuvi mzee mwenye ndevu nyeupe na koti la mpira la manjano, na nyuma yake mlima uliofunikwa na theluji. Picha hiyo ilipakuliwa kutoka kwenye intaneti. Kwa kuwa ilikuwa ndogo mno, ilipokuzwa uso wa yule mzee ulimeguka ukawa vijimraba, mithili ya sakafu ya vigae.

Kabla sijafungua kinywa, mwanafunzi mmoja wa kike aliinua mkono na kuuliza, "Daktari, huyu mvuvi ni wa ziwa gani?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile lilinisindikiza njia nzima hadi Kisumu. Shule ile iko umbali mfupi kutoka ziwani. Wazazi wa wengi wa wanafunzi wale huishi kwa omena, mbuta na ngege. Iweje basi wamkose mvuvi wa kuwawakilisha ila yule wa nchi za barafu?

Kesho yake nilishuka ufuoni Dunga, nikazitazama mashua kana kwamba sijawahi kuziona: mbavu za mbao zilizopakwa rangi, majina yaliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na tanga la pembe tatu. Niliona wazi kwamba hapana umbo lolote pale lililo gumu kuchorwa. Majuma mawili baadaye nilirudi shuleni, safari hii nikiwa na tarakilishi badala ya mhadhara.

Bango lile lilikuwa na kasoro mbili, ya ufundi na ya maana, na ajabu ni kwamba dawa yake ni moja. Picha za kawaida, mathalani zile za kamera, huundwa kwa nukta nyingi zilizopangwa safu safu. Ukiikuza picha ya namna hiyo huongezi habari yoyote. Unazinenepesha nukta tu. Picha ya vekta, kwa upande mwingine, haihifadhi nukta bali maelezo: hapa pana duara la kipenyo kadhaa, pale pana mstari unaotoka mahali fulani hadi pengine, kisha unapinda hivi. Kila unapoikuza, tarakilishi huyasoma maelezo hayo upya na kuichora upya. Picha hiyohiyo yaweza kuwekwa kwenye stempu au kwenye ukuta wa ukumbi, na ukingo wake ukabaki laini. Hesabu ya mikunjo hiyo tumeirithi kutoka viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault waliishughulikia katika miaka ya 1950 na 1960.

Hapa ndipo mtu wa isimu anapotega sikio. Umbizo mashuhuri la picha hizi, liitwalo SVG, lililoidhinishwa mwaka 2001, ni maandishi matupu. Lifungue faili kama unavyofungua barua, nawe utaisoma picha. Njia ya kalamu huelezwa kwa herufi chache, na kila herufi ni kitenzi cha kuamuru. M ni "nenda pale bila kuchora". L ni "piga mstari hadi pale". C ni "pinda hadi pale". Z ni "rudi ulikoanzia, ufunge". Kitenzi M hakikamiliki bila namba mbili za kuonyesha mahali, kama vile kitenzi elekezi kisivyotosheka bila yambwa. Kwa hiyo, anayechora kwa vekta anatunga sentensi.

Programu tuliyoitumia ni Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003 pale waundaji wake walipojitenga na programu nyingine iliyoitwa Sodipodi. Haiuzwi. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani. Ni kama lugha: hapana mtu alipaye ada ili atumie ngeli za Kiswahili, na kila kizazi kina haki ya kuongeza msamiati. Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wenzetu walionyesha kwamba mlango u wazi.

Tulianza na maumbo sahili. Mstatili uligeuzwa kuwa njia. Vifundo vyake vya chini vikasogezwa ndani, na upande wa chini ukapindwa kwa kuvuta mpini wa kifundo. Mara ubavu wa mashua ukatokea. Pembetatu ikawa tanga. Duara lililokatwa nusu na mstari wa maji likawa jua la machweo. Rangi zilikuwa nne tu, zisizochanganyika.

Kisha tukakwama, na mkwamo wenyewe ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Niliwataka wanafunzi wakipe kila kipande jina ndani ya programu, ili kipatikane kwa urahisi wakati wa kukirekebisha. Waliandika "mbele", "nyuma", "mti" na "kitambaa". Kijana mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa mashua, alivijua vipande vyote kwa lugha ya nyumbani kwao, lakini kwa Kiswahili hakuwa na jina hata la kimoja. Tulifungua kamusi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mti wa kati ni mlingoti, na ule unaobeba tanga ni foromali. Ubao wa chini kabisa, ulio kama uti wa mgongo, ni mkuku, na mbavu zake ni mataruma. Kijana yule aliyachukua maneno hayo moja baada ya jingine na kuyaoanisha na yale ya baba yake, kisha akatuambia kwamba mkuku tuliouchora umepinda kuliko inavyostahili. Tuliurekebisha. Saa ile mwalimu hakuwa mimi, alikuwa yeye.

Nani kati yetu, walimu wa Kiswahili, amewahi kufundisha msamiati wa mashua kwa saa mbili na darasa lisisinzie? Asiyekitaja kitu hakioni vyema, na asiyekiona vyema hawezi kukichora. Picha ya kupakuliwa inatunyima fursa hiyo, kwani hutujia ikiwa imekwisha kuona kwa niaba yetu.

Kuhusu mpangilio wa bango, hatukuhitaji mwongozo wa mbali. Mama zetu wanauvaa. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani msemo ulioandikwa. Rangi zake ni chache na hutambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Tuliliwekea bango pindo la mafunjo, mashua ikawa mji, na jina la jarida likakaa mahali pake.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wapo watakaosema kwamba siku hizi akili unde huchora mashua kwa sekunde chache ukiiamuru. Sikatai. Lakini anayeiamuru "nichoree mashua" atapewa mashua yoyote, na asiyejua omo na mkuku atakosaje kuridhika nayo? Ili umsahihishe fundi wa aina hiyo yakupasa uwe na maneno, na maneno hayo hupatikana kwa kuchora mwenyewe angalau mara moja. Wengine watasema shule zetu hazina tarakilishi za kutosha. Hilo ni kweli na ni chungu. Hata hivyo, Inkscape ikishasakinishwa haihitaji intaneti, na shule yenye tarakilishi moja yaweza kuanzia kwenye karatasi ya miraba: wanafunzi wachore, wasome namba za kila kifundo, wazipange kwa vitenzi vile vinne, kisha mmoja wao aziandike kwenye tarakilishi. Mwalimu wa hisabati atafurahi kama yule wa Kiswahili.

Walimu wenzangu, siwaombi muwafanye wanafunzi kuwa wachoraji mahiri. Ninachoomba ni kwamba gazeti la ukutani, bango la tamasha la drama na jalada la jarida la shule visibebe tena nyuso na milima tusiyoijua, ilhali ziwa limelala mbele ya dirisha la darasa. Nanyi wanafunzi, msiufunge mdomo kama yule binti ambaye hakuufunga. Ulizeni kila picha mnayopewa: huyu ni wa ziwa gani?

Mabaharia wa pwani wana msemo kwamba hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bango jipya la shule ile limekwisha kutundikwa. Ubavuni mwa mashua yake pameandikwa jina la mashua ya baba wa yule kijana, na mkuku wake umenyooka.