Wizi wa taarifa kwa hadaa

Wizi wa taarifa kwa hadaa ni aina ya uhalifu wa mtandaoni ambapo mhalifu hujifanya mtu au taasisi inayoaminika ili mlengwa atoe mwenyewe nywila, namba ya siri, taarifa za benki au fedha. Hutofautiana na udukuzi wa kawaida kwa kuwa mhalifu havunji mfumo wa kompyuta, bali humshawishi mwenye ufunguo afungue mlango.

Jina la Kiingereza la uhalifu huu lilianza kutumika katika miaka ya 1990. Hutamkwa sawa na neno la uvuvi, kwa sababu chambo hutupwa kwa watu wengi ili wachache wanase.

Aina

- Barua pepe za jumla: hufanana na za benki au ofisi ya serikali na huwa na kiungo cha tovuti bandia, ambayo anwani yake huweza kutofautiana na ile halisi kwa herufi moja tu.
- Hadaa ya mlengwa maalumu: mhalifu huchunguza kwanza jina na kazi ya mtu. Machi 2016 nchini Marekani, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alitumiwa onyo bandia lililoonekana kutoka Google, na barua pepe zake zikaibiwa.
- Ankara bandia: mhalifu hujifanya muuzaji anayedai malipo. Kati ya 2013 na 2015, Google na Facebook zilipoteza zaidi ya dola milioni 100 kwa njia hiyo.
- Simu: mpigaji hujitambulisha kama mhudumu wa kampuni ya simu, hudai kuwa laini itafungwa au fedha zimetumwa kimakosa, kisha huomba namba ya siri.
- Utekaji wa akaunti: mlengwa huombwa tarakimu 6 za kuthibitisha WhatsApp. Akizitoa, akaunti yake huweza kutumika kukopa fedha kwa ndugu na marafiki zake.
- Ujumbe mfupi wa simu: ndiyo aina iliyozoeleka zaidi nchini Tanzania.

Nchini Tanzania

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na matapeli wakafuata fedha zilikohamia. Ujumbe wao maarufu husema: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Hautaji jina wala kiasi, kwani hutumwa kwa watu wengi ukimtafuta yule ambaye kweli alikuwa na malipo ya kufanya.

Mazingira ya biashara huupa nguvu. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela, dagaa huuzwa kwa wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani. Mfanyabiashara anayesubiri namba ya kulipia mzigo anaweza kudhani ujumbe huo umetoka kwa mwenzake, akapoteza mtaji wake kwa muamala mmoja.

Kuanzia tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa. Utapeli haukuisha, kwa kuwa baadhi ya matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine.

Kinga

- Kutompa mtu yeyote namba ya siri, hata akijitambulisha kama mhudumu.
- Kabla ya kutuma fedha, kumpigia mhusika kwa namba iliyokuwa ikifahamika tangu awali, si ile iliyo kwenye ujumbe, na kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.
- Kuangalia salio lenyewe mtu anapoambiwa kuwa ametumiwa fedha kimakosa.
- Kuandika anwani ya tovuti badala ya kubonyeza kiungo. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na ".go.tz".
- Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp.
- Kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Aliyekwisha kutapeliwa anapaswa kupiga namba 100 ya huduma kwa wateja mara moja, kabla fedha hazijatolewa kwa wakala, kubadili namba ya siri na kutoa taarifa polisi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupokea taarifa za ujumbe wa kitapeli kupitia namba 15040.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu udanganyifu kwa njia ya kompyuta, pamoja na kujifanya mtu mwingine mtandaoni, kuwa makosa ya jinai. Kompyuta katika sheria hiyo ni pamoja na simu.