Mafundi wa Nyuso

Mtu aliyepotewa na mguu aweza kuficha kilema chake kwa nguo ndefu. Lakini aliyepotewa na pua au sikio hukutana kila siku na macho ya watu. Kwa sababu hiyo mafundi wamejifunza kutengeneza viungo vya uso vya bandia.

Katika vita vya 1914 hata 1918 askari wengi walirudi makwao nyuso zao zimevunjwa na risasi. Mwaka wa 1916 mchongaji sanamu wa London, Francis Derwent Wood, alianza kuwafanyia vifuniko vya uso. Na mwisho wa 1917 Anna Coleman Ladd, mwanamke wa Marekani, alianza kazi iyo hiyo mjini Paris. Uso ulipakwa plasta, nayo ilipokauka ikatolewa, ikawa kalibu. Ndipo fundi alipofinyanga sehemu iliyopotea, akiitazama picha ya askari ya siku za uzima wake. Kisha kifuniko kilifanywa kwa shaba nyembamba, kikapakwa rangi ya ngozi, na mara nyingi kikashikwa kwa miwani. Lakini shaba haicheki wala haizeeki.

Baadaye ilikuja silikoni, iliyo laini kama nyama. Fundi wa mkono huchonga kiungo kwa nta, hukijaribu usoni, hufanya kalibu, kisha humimina silikoni yenye rangi.

Siku hizi iko njia nyingine. Chombo cha mwanga hupima uso pasipo kuugusa. Sikio la kulia likipotea, kompyuta hutwaa umbo la sikio la kushoto na kuligeuza kama katika kioo. Kisha mashine hulijenga tabaka juu ya tabaka. Mwaka wa 2021 hospitali ya macho ya Moorfields, London, ilimpa mgonjwa jicho lililofanywa kwa mashine ya namna hii.

Je, ipi iliyo bora? Mashine haiumizi kidonda, na vipimo vyake huhifadhiwa. Basi kiungo kikichakaa, kingine hufanywa bila kuanza upya. Lakini ni ya gharama kubwa, tena pua haina mwenziwe wa kuigwa. Na mara nyingi ni mkono wa fundi unaomaliza rangi na kingo, ili kiungo kipatane na ngozi.

Hata hivyo, kazi moja haiwezekani kwa fundi wala kwa mashine, nayo ni ya jirani: kumsalimu mtu huyo bila kumkodolea macho.