Pishi, Kibaba na Kompyuta

Wengi hudhani kwamba kompyuta hujua kila kitu. Sivyo. Lugha ya kompyuta huja na aina chache tu za vitu: namba kamili, namba zenye desimali, maandishi, na ndiyo au siyo. Pishi haimo, wala kibaba. Mtungaji wa programu akivitaka hana budi kuviunda mwenyewe, kila kimoja na aina yake. Akisha kuviunda huzuka swali nitakalo kulieleza hapa: kitu cha aina moja kitageuzwaje kuwa cha aina nyingine?

Natuchukue mfano wa duka la nafaka. Tumeunda aina mbili, Pishi na Kibaba, na kila moja hushika namba kamili tu. Wazee wetu walijua kwamba vibaba 4 ni pishi 1, lakini kompyuta haijui. Ukitia pishi mahali pa vibaba, itaikataa programu yako. Basi twaiandikia kanuni: chukua idadi ya pishi, zidisha kwa 4, toa vibaba. Pishi 3 huwa vibaba 12, na hata punje moja haikupotea.

Sasa tugeuze kinyume. Vibaba 7 ni pishi ngapi? Ukigawanya kwa 4 wapata pishi 1, na vibaba 3 vyabaki. Kwa kuwa Pishi yetu haishiki vipande, vibaba hivyo 3 vitapotea, na mwenye mali hataambiwa.

Kwa sababu hiyo lugha ya C# hutupa njia mbili za kutangaza kanuni. Ya kwanza ni kugeuza kimya kimya: kompyuta hugeuza yenyewe kila inapohitajiwa. Ya pili ni kugeuza kwa amri: mtungaji huandika jina la aina aitakayo, ndipo kitu kigeuzwe. Shauri langu ni hili: pasipopotea kitu, geuza kimya kimya, panapoweza kupotea kitu, dai amri, ili kila asomaye programu apaone mahali pa hatari.

Walakini amri peke yake haitoshi. Yapasa kupima kwanza. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake iligeuza namba yenye desimali kuwa namba kamili ya aina isiyoweza kupita 32,767. Namba ile ilizidi kipimo hicho, wala hapakuwa na kinga mahali pale. Kompyuta za kuongoza zikazimika, roketi ikapotoka njia, na kabla ya dakika moja kutimia ikaangamia pamoja na satelaiti 4 za utafiti.

Nawaachieni zoezi, wenzangu. Undeni Shilingi na Senti, kila moja ya namba kamili, kisha mwamue: ni upande upi ugeuzwe kimya kimya, na upi kwa amri?